Nuru, Maji na Unga Mweupe: Historia ya Vichocheo-Nuru Nchini Japani

Utafiti wa kutenganisha maji kwa nguvu ya nuru ulipata msingi wake Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1967, pale Akira Fujishima, mwanafunzi wa shahada za juu aliyekuwa chini ya Kenichi Honda, alipozamisha kipande cha fuwele ya rutili katika maji yenye chumvi, akakiunganisha kwa waya na kipande cha platini, kisha akakimulika kwa taa kali ya zenoni. Viputo vilitoka pande zote mbili, oksijeni kwenye rutili na haidrojeni kwenye platini, na cha ajabu zaidi ni kuwa uso wa fuwele haukuliwa hata kidogo, ilhali nusu-vipitishi vingine vilivyokuwa vikijaribiwa wakati huo vilimomonyoka.

Rutili ni umbo mojawapo la dioksidi ya titani, madini yaleyale yaliyochimbwa katika mchanga wa Kwale, nchini Kenya, hadi mwishoni mwa 2024, na ambayo viwanda huyatumia zaidi kutengeneza rangi nyeupe. Ni nusu-kipitishi, yaani kitu ambacho elektroni zake hutulia mahali pake mpaka zipewe nishati ya kutosha kuruka pengo fulani. Nuru inapoirusha elektroni moja, nyuma hubaki tundu lenye chaji chanya, na tundu hilo huzipokonya molekuli za maji elektroni zake hadi oksijeni itoke, huku elektroni iliyorushwa ikienda kuunda haidrojeni.

Wanakemia wengi wa Japani waliyapokea matokeo hayo kwa mashaka, na hata makala ya Honda na Fujishima ilipochapishwa katika jarida la *Nature* mwaka 1972 haikuvuma sana, mpaka bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwishoni mwa 1973 na gazeti la *Asahi Shimbun* likaiweka habari hiyo ukurasa wa kwanza siku ya Mwaka Mpya wa 1974. Sifa hiyo ilitangulia mbali mno kuliko uwezo wa kitu chenyewe. Pengo la nishati la rutili ni elektroni-volti 3.0, wakati kuyatenganisha maji kinadharia kunahitaji 1.23 tu, kwa hiyo rutili hufaidi karibu mionzi ya urujuanimno peke yake, ambayo ni sehemu ndogo sana ya nuru ya jua. Weupe unaoipendezesha rangi ya ukuta ndio ushahidi kwamba nuru inayoonekana inarudishwa bila kutumika.

Fujishima mwenyewe baadaye alielekea kwenye vigae na vioo vinavyojisafisha, kazi iliyozaa biashara halisi. Waliobaki na haidrojeni waliacha waya na kushika unga, unaoitwa kichocheo-nuru, ambao kila chembe yake hufanya kazi ya vipande vyote viwili. Kazunari Domen na wenzake walitumia titanati ya strontiamu iliyopakwa oksidi ya nikeli mwaka 1980, na miaka 40 baadaye, titanati hiyohiyo ikiwa imetiwa alumini kidogo, kundi lake lilifikia ufanisi wa kiasi cha asilimia 96 kwa kila fotoni iliyoangukia unga katika urujuanimno. Hata hivyo, mtambo wake wa mita 100 za mraba katika mkoa wa Ibaraki, uliotangazwa mwaka 2021, uligeuza si zaidi ya asilimia 0.76 ya nishati ya jua kuwa haidrojeni, tena iliyotoka ikiwa imechanganyika na oksijeni, mchanganyiko unaolipuka, hata ikabidi gesi hizo zitenganishwe kwa utando maalumu na usalama wa mtambo ujaribiwe kwa kuuwasha makusudi.

Kwa kuwa titanati hiyo nayo hufaidi karibu urujuanimno peke yake, watafiti hao wameelekea pia kwenye unga wenye rangi, kama nitridi ya tantali, ambayo ni nyekundu na hufyonza nuru hadi kiasi cha nanomita 600; lakini matundu yanayopaswa kuyapokonya maji elektroni huishambulia nitrojeni ya unga wenyewe, na mwaka 2018, nitridi hiyo ilipotenganisha maji bila msaada wa umeme kwa kuoteshwa kama vijiti vidogo juu ya tantalati ya potasiamu, ufanisi wake chini ya jua ulikuwa asilimia 0.014.