Rangi ya Milango Iliyozaa Tingatinga

Mwaka 1968, rangi za wachoraji, zile za tyubu zinazotoka Ulaya, hazikuwa bidhaa ya kibarua wa Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alitumia alichoweza kukimudu: rangi ya mafuta ya madukani, ile ile inayopakwa kwenye milango na baiskeli, na vipande vya hadibodi za kupigia dari. Wapo wanaosema mtindo wake ulitokana na michoro ya kuta za nyumba za Wamakua kule kusini. Huenda jicho lake lilirithi kitu huko. Mimi naona mwalimu wake mkubwa alikuwa kopo.

Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Kama vijana wengi wa kusini, alikwenda Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, akashika kazi za bustani na vibarua vya hapa na pale. Inasimuliwa kwamba aliwaona wachoraji kutoka Kongo wakiuza picha mjini, akajiambia kwamba hata yeye angeweza. Hakusomea uchoraji popote. Picha zake zilipangwa nje ya Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako wageni waliokaa mtaani humo walipita kila siku kununua mahitaji yao.

Sasa tulitazame kopo lenyewe. Rangi ya mafuta ni nzito, inang'aa na inachelewa kukauka. Ukiweka kijani juu ya nyekundu mbichi, unapata tope. Kwa hiyo mchoraji hupaka kwanza usuli wa rangi moja, anasubiri ukauke, ndipo anaweka umbo la chui au ndege, anasubiri tena, kisha anamalizia kwa mistari na madoa. Kivuli cha taratibu, kile cha wachoraji wa Ulaya, ni taabu kukipata kwa njia hii. Badala yake mnyama anasimama peke yake, mkubwa, ameijaza hadibodi, na nukta ndizo zinazompa manyoya. Watu wakaliita hilo ubunifu wa kitoto. Jaribu mwenyewe kumchora chui kwa rangi ya dirisha, uone mtoto ni nani.

Tingatinga hakuishi kuona umaarufu wa mtindo wake ulikofika. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliodhani wanawafukuza wahalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka 4 tu. Walioendeleza kazi walikuwa ndugu na vijana aliowafundisha, miongoni mwao January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo na Abdallah Ajaba, huku Simon Mpata akiupeleka mtindo Kenya. Mwaka 1990 wachoraji wa Dar es Salaam waliunda chama cha ushirika chenye jina la Tingatinga.

Biashara nayo ilibadili mbinu. Hadibodi haiingii kwenye sanduku la mtalii, hivyo kitambaa kilichowambwa kwenye fremu kikachukua nafasi, kwani kinavuliwa na kukunjwa kama mkeka. Wachoraji wakajifunza kuchanganya rangi mbili za usuli zikiwa bado mbichi, ndipo yakaja yale machweo ya rangi ya chungwa yaliyojaa madukani. Binafsi yananichosha.

George Lilanga alikwenda njia nyingine. Mmakonde huyu alianza kama mchongaji, akafika Nyumba ya Sanaa jijini, na mashetani aliyozoea kuyatoa kwenye mti akaanza kuyachora kwa rangi. Hakuheshimu mipaka ya vifaa: alifanya kazi kwenye mbao, ngozi za mbuzi na batiki, na rangi ile ile ya madukani ikamfaa vizuri. Ukitaka kuanza kuchora jioni baada ya kazi, anza kwa kutazama picha zake, kisha uende duka la ujenzi na elfu chache mfukoni. Usisahau mafuta ya taa ya kuoshea brashi.