Catherine Ndereba: Askari Magereza Aliyeijua Subira

Katika Afrika Mashariki, majeshi ya ulinzi, polisi na magereza yamekuwa kwa miaka mingi chuo kikubwa cha wanariadha. Watanzania wanamkumbuka Juma Ikangaa wa Jeshi la Wananchi, ambaye mwaka 1988 alishindwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu katika mbio za Boston, Marekani, na mwaka 1989 akaibuka mshindi mjini New York. Nchi jirani ya Kenya nayo inao mfano wake, na mfano huo ni mwanamke: Catherine Ndereba wa Idara ya Magereza.

Ndereba alizaliwa Nyeri mwaka 1972. Wakimbiaji wengi mashuhuri wa Kenya walitoka Bonde la Ufa. Yeye alitoka katika nchi ya wakulima karibu na Mlima Kenya. Mwaka 1994 aliingia katika riadha ya Idara ya Magereza. Mwaka 1997 alijifungua mtoto, kisha akarudi mazoezini. Waliodhani kwamba uzazi ndio mwisho wa mwanamichezo walijibiwa kwa vitendo.

Mwaka 2000 alishinda Boston, akaukomesha utawala wa Fatuma Roba wa Ethiopia aliyekuwa ameshinda mara tatu mfululizo. Alishinda tena huko miaka ya 2001, 2004 na 2005, akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa Boston mara nne. Tarehe 7 Oktoba 2001, mjini Chicago, alikimbia kilometa 42 na mita 195 kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Rekodi ya dunia ya Mjapani Naoko Takahashi, iliyokuwa na umri wa wiki moja tu, ikavunjwa. Mwaka mmoja baadaye, katika mji huo huo, Paula Radcliffe wa Uingereza naye aliivunja rekodi ya Ndereba.

Silaha kubwa ya Ndereba ilikuwa subira. Aghalabu hakuwakimbilia wenye pupa ya mwanzo. Alitunza nguvu, akawapita walipochoka. Kwa mbinu hiyo alipata ubingwa wa dunia mjini Paris mwaka 2003, akimwacha Mizuki Noguchi wa Japani katika nafasi ya pili.

Lakini hakuna mbinu isiyo na gharama yake. Katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, katika joto kali na vilima virefu, Noguchi alichomoka mapema. Ndereba alimfuata kwa nguvu, akalipunguza pengo hatua kwa hatua, lakini barabara ikaisha kabla pengo halijaisha. Alishindwa kwa sekunde 12. Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 mambo yakajirudia: Constantina Diță wa Romania alijitenga peke yake, kundi likamwacha aende, na Ndereba, mwenye umri wa miaka 36, akafika sekunde 22 nyuma yake. Hata hivyo, kwa sekunde moja alimzuia Zhou Chunxiu wa China asimnyang'anye medali ya fedha mbele ya umma wa nyumbani kwake.

Kati ya Olimpiki hizo mbili, mwaka 2007, alishinda tena ubingwa wa dunia katika joto la Osaka, Japani, akawa mwanamke wa kwanza kuupata mara mbili katika marathoni.

Mafunzo ya historia hii kwa askari ni dhahiri. Subira ni nguvu, lakini hapana budi iambatane na jicho linalojua wakati wa kuondoka. Na aliyeshindwa leo, maadamu hajavunja nidhamu yake, bado ni mpiganaji. Ndereba alipoteza rekodi, akakosa dhahabu kwa sekunde chache, lakini kila mara alirudi kwenye mstari wa kuanzia.