Wawili kwa wawili: karata kutoka meli za Wareno hadi ligi za mtandaoni

Karata zina jina baya. Kwa wazazi wengi wa Kagoma, na wa vijiji vyote kati ya Bukoba na Muleba, kijana anayeshika karata saa ya kupalilia migomba amekwisha kupotea, na kutoka hapo hadi kwenye kamari ni hatua moja. Lawama hiyo haikuzuka hivihivi. Wapo waliopoteza pesa za msimu mzima wa kahawa kwenye meza ya karata, na wake zao hawajasahau.

Lakini upo mchezo mmoja wa kale wa karata ambao historia yake inastahili kusomwa hata na asiyewahi kuzishika. Ni mchezo wa watu wanne, wawili kwa wawili, mtu akikaa mkabala na mwenzake, wenye turufu na wenye hesabu. Pwani yetu inao: ni wahedi wa sitini. Dunia ya mashindano inao pia: ni briji. Michezo hii miwili ni ya ukoo mmoja. Mmoja umebaki barazani. Mwingine una mabingwa wa dunia, maktaba za vitabu, na ligi za timu zinazochezwa kwa kompyuta na simu, ambako kila karata iliyotupwa huhifadhiwa. Wachezaji wa briji hawakuzaliwa na akili nyingi kuliko wetu. Walijenga desturi ya kurudi kwenye mgao uliokwisha na kuuliza ulichezwaje.

Alama zilizoachwa na Wareno

Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na Waomani wakaitwaa Desemba 1698. Katika karne hizo mbili mabaharia na askari wa Kireno walicheza karata, na pwani ikajifunza. Ushahidi umo katika karata zenyewe: kopa, shupaza, pau na uru ni majina ya Kireno, na turufu pia, na hata seti, yaani karata ya saba.

Ushahidi mkubwa zaidi ni hesabu. Katika wahedi wa sitini, ree ina alama 11 na seti 10. Kisha wanafuata wazungu watatu: mzungu wa nne, ambaye ni mfalme, mzungu wa tatu, ambaye ni ghulamu, na mzungu wa pili, ambaye ni bibi. Alama zao ni 4, 3 na 2. Kila rangi inatoa alama 30, rangi nne zinatoa 120, na anayefikisha 61 ameshinda. Ureno hadi leo wanacheza sueca, wawili kwa wawili, na hesabu ni hiyohiyo: saba iko chini ya ree peke yake, ghulamu yuko juu ya bibi, na ushindi ni alama 61. Inaelekea ni mchezo ambao Wareno waliondoka wakauacha; Waswahili waliutunza, wakaupa jina la hesabu ya Kiarabu na kuufanya wao.

Njia za kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria zinajulikana vizuri. Katika karne ya 19 misafara ilipanda kupitia Tabora hadi Karagwe, ambako wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, na Speke na Grant walipokewa na Mukama Rumanika mwaka 1861. Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli za ziwani zikaiunganisha Bukoba na Bahari ya Hindi. Kiswahili kilisafiri kwa njia hizo, na istilahi za karata zikasafiri nacho. Ndiyo maana turufu ya Unguja inaeleweka Kagoma bila mkalimani.

Mchezo uliobaki ndani ya kilabu

Uingereza nayo ilikuwa na ndugu mwingine wa ukoo huu: whist. Mwaka 1742 Edmond Hoyle alichapisha kitabu kidogo cha kufundisha namna ya kuucheza kwa akili. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 whist ilizaa briji. Mwaka 1925, ndani ya meli iliyokuwa ikipita Mfereji wa Panama, Mmarekani Harold Vanderbilt alitunga kanuni za alama zinazotumika karibu kama zilivyo hadi leo.

Jipya katika briji ni mnada. Kabla ya karata ya kwanza kutupwa, pande mbili zinashindana kwa kutaja idadi ya mizunguko zitakayokula kati ya 13, na turufu zinayoitaka. Aliyeshinda mnada anapaswa kutimiza ahadi yake. Karata za mwenzake zinalazwa wazi mezani, naye anacheza mikono yote miwili mbele ya macho ya wapinzani.

Waingereza walipochukua Bukoba kutoka kwa Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, maofisa wao walikuwa watu wa michezo hii. Lakini briji ya kikoloni ilichezwa katika vilabu ambavyo Mwafrika aliingia kama mtumishi. Hakuna aliyeileta kijijini, na hakuna aliyeifundisha shuleni. Hivyo jina lake halikutulia Buhaya, nchi hii ya Wahaya, ingawa jamaa yake kutoka pwani alikuwa amekwisha kufika.

Kuiondoa bahati mezani

Tatizo la karata zote ni bahati. Aliyegawiwa ree tatu anaweza kushinda bila akili yoyote. Jibu lilijaribiwa London mwaka 1857 na Henry Jones, mwandishi wa whist aliyejulikana kwa jina la Cavendish: karata zilezile zichezwe kwenye meza mbili na watu tofauti, kisha matokeo yalinganishwe. Wazo hilo ndilo lililozaa ligi za timu.

Timu ina watu wanne. Wawili wanakaa meza ya kwanza upande wa kaskazini na kusini. Wenzao wawili wanakaa meza ya pili upande wa mashariki na magharibi. Mgao ni uleule. Karata nzuri zikiangukia kaskazini na kusini, timu yako inazicheza kwenye meza moja na wapinzani wanazicheza kwenye nyingine. Hakuna wa kulalamikia bahati. Tofauti ya alama inatokana na mnada na uchezaji peke yake.

Chukua mfano. Kusini ameahidi kula mizunguko 10, turufu shupaza. Magharibi, ambaye ndiye aliyegawa karata na kuwa wa kwanza kusema katika mnada, alipita bila kutaja chochote. Mchezo unaanza, naye anakula kwa ree ya pau, kisha mfalme wa pau, kisha ree ya uru. Mizunguko mitatu imekwenda. Kusini akipoteza mmoja zaidi, ahadi imevunjika. Kinachobaki ni kopa. Mezani kuna ree, bibi, ghulamu na kumi; mkononi mwa Kusini kuna kopa tatu ndogo. Mfalme wa kopa yuko kwa nani?

Kwenye meza ya pili mchezaji anafanya kilichozoeleka: anaongoza kopa ndogo, Magharibi anatupa ndogo, naye anaweka bibi wa mezani akitumaini kuwa mfalme yuko Magharibi. Mashariki anamfunika kwa mfalme. Ahadi imevunjika.

Kwenye meza ya kwanza mchezaji anahesabu kwanza. Katika briji, ree huhesabiwa 4, mfalme 3, bibi 2 na ghulamu 1, na mwenye 12 au 13 kwa kawaida hufungua mnada. Magharibi ameonyesha ree mbili na mfalme mmoja: tayari ni 11. Angekuwa na mfalme wa kopa pia, angefika 14, na mwenye 14 hapiti kimya. Basi mfalme yuko Mashariki, na kumvizia Magharibi ni kazi bure. Tumaini pekee ni kwamba Mashariki ana mfalme huyo peke yake bila kopa nyingine. Mchezaji anatupa ree, na mfalme anaanguka.

Meza ya kwanza inapata alama 420. Kwenye meza ya pili ahadi iliyovunjika inawapa wapinzani wa mchezaji, yaani timu hiyohiyo, alama 50. Jumla ni 470, ambayo kwa jedwali la mashindano ya timu hugeuzwa kuwa pointi 10. Mechi nyingi huamuliwa kwa chini ya hizo. Aliyeipata hakuwa na karata bora. Alisikiliza ukimya wa mtu.

Intaneti yaingia

Mikono ya karata 13 inayoweza kugawiwa mtu mmoja kutoka karata 52 ni 635,013,559,600, na kwa hiyo hakuna anayeweza kuikariri. Kinachobebeka ni njia ya kufikiri, na njia hiyo hujengwa kwa mazungumzo baada ya mchezo. Zamani mazungumzo yalitegemea kumbukumbu za wachezaji waliochoka. Mwaka 1990 Mmarekani Matt Clegg alianzisha OKbridge, iliyowawezesha watu wa miji tofauti kukaa meza moja kupitia kompyuta. Mwaka 2001 Fred Gitelman wa Canada alifungua Bridge Base Online kwa umma. Corona ilipofunga kumbi za mchezo mwaka 2020, ligi za timu zilihamia mtandaoni kwa wingi.

Huko kila mnada na kila karata vinabaki katika kumbukumbu. Mechi ikiisha, timu inafungua migao mmoja baada ya mwingine; programu inaonyesha mizunguko ambayo ingeliwa kama kila mtu angeona karata zote. Wachezaji wazuri hawaishii hapo, kwa sababu mezani hakuna aonaye zote. Wanauliza lililo gumu zaidi: kwa niliyoyajua saa ile, uamuzi wangu ulikuwa na nafasi gani? Turufu tano zilizo mikononi mwa wapinzani hugawanyika tatu kwa mbili mara 68 kati ya 100. Aliyetegemea hilo akashindwa hakukosea. Aliyetegemea bahati ya mara 20 kati ya 100 akashinda ana la kujirekebisha.

Kumbukumbu pia hulinda heshima ya mchezo. Mwaka 2015 Mnorwe Boye Brogeland aliwahimiza wenzake kuzipitia video za mashindano makubwa, na ishara za siri za wachezaji maarufu zikafichuka. Afrika haiko nje ya historia ya briji: Misri na Afrika Kusini zimecheza Bermuda Bowl, michuano ya dunia iliyoanza 1950, mwigizaji Omar Sharif wa Misri aliitangaza briji duniani kote, na Kenya ina chama chake cha taifa. Nako Asia, mwaka 2018 briji ilikuwa mchezo wa kushindania medali katika Michezo ya Asia mjini Jakarta.

Kinachowezekana Kagoma

Kwa Kagoma kuanza, hakuna haja ya kusubiri kilabu wala kompyuta. Wahedi wa sitini unatosha. Watu wanane, pakiti mbili za karata na daftari. Kwenye meza ya kwanza kila mchezaji aziweke karata zake mbele yake badala ya kuzirusha katikati, ili mkono wake ubaki kamili. Mgao ukiisha, uandikwe, upangwe hivyohivyo kwenye meza ya pili, na timu zibadilishane pande. Timu ya kwanza ikipata alama 74 kwa karata ambazo wapinzani wao walipatia 58, imeongoza kwa 16, na hakuna anayeweza kusema ilibahatika.

Kisha ije sehemu iliyo muhimu kuliko ushindi: nusu saa ya kufungua daftari, bila pesa mezani, kila mmoja akieleza alichokijua na alichokidhani. Kijana anayeweza kueleza kwa nini alitoa seti mzunguko wa nne na si wa sita amejifunza kupima ushahidi, kumwamini mwenzake na kukubali hoja iliyo bora kuliko yake. Wazazi wa Kagoma wana haki ya kuichukia kamari. Mafunzo ya aina hii wanaweza kuyasimamia wenyewe, na daftari hilo litawaonyesha, mgao kwa mgao, kama watoto wao wanapoteza muda au wanakua.