Medali kama Matini: Taasisi ya Misri na Suala la Nani Afunuaye

Makala haya yanachunguza medali ya bronzi iliyochongwa na Jean-Jacques Barre mnamo 1826 kuadhimisha Description de l'Égypte, kazi ya majuzuu mengi iliyotolewa Ufaransa kati ya 1809 na 1828. Tunadai kwamba medali hiyo ni matini: ina msimulizi, ina mhusika aliyenyimwa sauti, na ina jambo inalolificha.

Chimbuko la kazi hiyo ni Taasisi ya Misri, iliyoundwa na Napoleon Bonaparte jijini Cairo mwezi wa Agosti 1798, chini ya urais wa Gaspard Monge. Wanazuoni wake waligawanywa katika vitengo vinne: hisabati, fizikia, uchumi wa kisiasa, na fasihi na sanaa. Walipima mahekalu, wakachora mimea na ndege, wakanakili maandishi ya kale wasiyoweza kuyasoma.

Katika medali, Ufaransa ni jemadari wa Kirumi anayemwondolea shela mwanamke aliyejilaza, ambaye ndiye Misri. Maandishi ya Kilatini yanatangaza kwamba Misri imehuishwa kwa ushindi wa Gaul. Upande wa pili umejaa miungu ya kale. Mmisri aliye hai hayumo. Hapa pana kinaya. Mwaka 1801 jeshi la Ufaransa lilisalimu amri, na jiwe la Rosetta likachukuliwa na Waingereza. Ushindi unaotajwa, basi, ni wa kitabu: aliyeshindwa kuitawala nchi amejitwalia haki ya kuisimulia. Edward Said aliuona mradi huo, katika Orientalism (1978), kuwa unyakuzi wa nchi moja uliofanywa na nyingine.

Hata hivyo, uhakiki ukikomea hapo utamwacha mwanamke yule amejilaza vilevile. Abd al-Rahman al-Jabarti, mwanahistoria wa Cairo, aliizuru Taasisi, akaieleza maktaba yake na majaribio ya kikemia aliyoyashuhudia. Aliistahi elimu ya wageni, lakini aliukemea utawala wao, na tangazo lao la Kiarabu akalikosoa hata sarufi. Aliyechorwa kama kitu cha kusomwa alikuwa tayari msomaji, tena msomaji mkali.

Jengo la Taasisi liliteketea kwa moto Desemba 2011, na watu wa Cairo waliojitolea wakaokoa vitabu walivyoweza. Mtafiti anayeisoma medali ya Barre hana budi kuiweka kando ya kurasa za al-Jabarti. Bila hizo, atakuwa amerudia kauli ya mchongaji kwa maneno mengine.