Chemirocha: Wimbo wa Kapkatet uliozunguka dunia kabla ya kurejea nyumbani

WIMBO mfupi usiozidi dakika mbili, ulioimbwa na wasichana wa jamii ya Wakipsigis mwaka wa 1950, ndio kazi ya muziki kutoka maeneo ya majanichai ya Kericho na Bomet inayofahamika zaidi miongoni mwa wapenzi wa rekodi za kale duniani. Wimbo huo huitwa Chemirocha. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 60 rekodi yenyewe ilihifadhiwa mbali na watu walioitunga, na hadi leo suala la nani anastahili kunufaika nayo halijapata jibu rahisi.

Rekodi hiyo ilifanywa Kapkatet, kituo kilicho kati ya Litein na Sotik. Wakati huo eneo lote lilikuwa chini ya Wilaya ya Kericho. Bomet ilitengwa kuwa wilaya inayojitegemea mwaka wa 1992. Aliyerekodi alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1903 na kuhamia kusini mwa Afrika akiwa kijana ili kulima tumbaku. Shamba halikumshika. Badala yake alivutiwa na nyimbo za wenyeji, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kusafiri na mitambo ya kunasa sauti, kutoka kusini hadi Afrika ya Kati na Mashariki.

Akiwa Kapkatet, Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina moja, akazipa nambari kutoka moja hadi tatu. Ya tatu ndiyo iliyovuma. Anayetajwa kuwa mwimbaji wake ni Chemutoketi Ketienya, akiitikiwa na wasichana wenzake, huku sauti zao zikisindikizwa na chepkong, ala ya nyuzi ya Wakipsigis inayofanana na nyatiti ya Waluo.

Jina lilikotoka

Chemirocha si jina la Kikipsigis kwa asili. Ni matamshi ya wenyeji ya jina la Jimmie Rodgers, mwanamuziki wa Marekani anayeitwa baba wa muziki wa kantri. Rodgers alizaliwa mwaka wa 1897, akafanya kazi katika reli, kisha akaanza kurekodi mwaka wa 1927. Alisifika kwa gitaa lake na kwa mtindo wa kuimba kwa kuruka ghafla kutoka sauti nzito hadi sauti nyembamba. Aliaga dunia mwaka wa 1933 kutokana na kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 35. Hakuwahi kukanyaga Kericho.

Kilichofika ni sauti yake. Santuri zake ziliingia katika maeneo hayo pamoja na gramafoni zilizoletwa na wageni enzi ya ukoloni. Waliozisikia walichukua jina la mwimbaji na kulipindua likae vizuri kinywani. Silabi ya kwanza, Che, ndiyo inayofungua majina mengi ya kike ya Wakipsigis, kama vile Chepkoech, Chemutai na Chebet, hivyo jina la mgeni likapata sura ya nyumbani.

Katika maelezo aliyoandika kuhusu wimbo huo, Tracey alisema kwamba neno Chemirocha lilikuwa limekuja kumaanisha kitu chochote kipya au kigeni. Kwa wasichana wa Kapkatet, kulingana na maelezo hayo, Chemirocha alikuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swala, naye alialikwa ajiunge na ngoma ya kurukaruka kwa nguvu nyingi hata mavazi yamtoke mwilini.

Ni muhimu kuelewa maana ya jambo hilo. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa ughaibuni kama kichekesho cha watu wa mashambani waliodhani mwimbaji wa Marekani ni mnyama. Usimulizi huo unawapunguzia hadhi watunzi. Wasichana hao hawakuiga nyimbo za Rodgers. Walichukua jina lake tu, wakamtungia wimbo kwa lugha yao, kwa ala yao na kwa mpangilio wao wa kuongoza na kuitikia, kisha wakamfanyia mgeni huyo mzaha. Hiyo ni kazi ya utunzi, si kosa la kusikia.

Safari ya rekodi

Mwaka wa 1954 Tracey alianzisha nchini Afrika Kusini Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, inayofahamika kwa ufupisho ILAM. Baada ya kifo chake mwaka wa 1977, maktaba hiyo ilihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes katika mji uliokuwa ukiitwa Grahamstown, ambao tangu mwaka wa 2018 unaitwa Makhanda. Nyimbo za Kapkatet zilitolewa katika mkusanyiko wake mkubwa wa santuri zaidi ya 200 uitwao Sound of Africa, ambao ulikusudiwa zaidi vyuo na watafiti.

Wakati huohuo, muziki wa Kericho haukusimama. Mashamba makubwa ya majanichai, yaliyoanza kupandwa katika miaka ya 1920, yalivuta wafanyakazi kutoka Nyanza na Magharibi, wakaishi kambi moja wakiwa na lugha na nyimbo tofauti. Soko hilo ndilo lililowezesha duka la Chandarana mjini Kericho kuwa pia studio na kampuni ya santuri. Lilirekodi wanamuziki Waluo, Waluhya, Wagusii na Wakipsigis bila kuwalazimu kwenda Nairobi. Santuri hizo ziliuzwa kwa watu walewale waliozielewa lugha zake. Chemirocha, kinyume chake, ulitunzwa vizuri mno, lakini katika rafu ambazo mtu wa Kapkatet hangeweza kuzifikia.

Hali hiyo ilibadilika mwaka wa 2014. ILAM, kwa ushirikiano na mradi wa Singing Wells unaohusisha shirika la Ketebul Music la Nairobi, ilirudisha nakala za rekodi hizo katika maeneo ya Wakipsigis. Wazee walioishi enzi hizo waliweza kusikia tena sauti za rika lao.

Haki ni ya nani?

Kurudisha nakala ni hatua moja. Kurudisha haki ni jambo jingine. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, rekodi ya sauti hulindwa kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipotengenezwa. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa rekodi ya 1950 ulikoma mwishoni mwa mwaka wa 2000, miaka 14 kabla ya nakala kufika nyumbani.

Njia iliyosalia ni Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya mwaka wa 2016. Sheria hiyo inaipa jamii, wala si mtu mmoja tu, haki juu ya nyimbo na ngoma zake, inamtaka anayetaka kuzitumia kibiashara kupata idhini kwanza, na haiweki kikomo cha miaka mradi sanaa husika iendelee kutimiza masharti. Jukumu la kukusanya na kusajili sanaa hizo limewekwa mikononi mwa serikali za kaunti.

Hata hapo kuna utata. Ili kulindwa, sanaa yapasa kuwa ya jamii na iwe imerithishwa kutoka kizazi hadi kizazi. Chemirocha ulikuwa wimbo mpya ulipoimbwa mbele ya Tracey, na jina lake lilitoka ng'ambo. Lakini chepkong, ngoma na uitikiaji ni urithi wa Wakipsigis pasipo shaka. Hoja hiyo ina uzito zaidi ikiwa wimbo wenyewe utaendelea kuimbwa Kericho na Bomet, kwa kuwa sanaa inayorithishwa huthibitishwa na wanaoirithi.