Mfumo Endeshi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha rasmi huduma zake kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za nyumbani hazikidhi masharti ya Windows 11, na wenye nazo wakaanza kuziona kama chuma chakavu. Hofu hiyo haina msingi. Kilichofikia kikomo ni mfumo endeshi, na mfumo endeshi hubadilishwa.

Hii ndiyo programu kuu inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu kwenye prosesa na kusimamia diski, kibodi na printa. Wengine huandika "mfumo wa uendeshaji", nami sikubaliani nao. Uendeshaji ni jina la kazi, nasi hulisikia kila siku katika uendeshaji wa shule na wa mashauri. Endeshi ni sifa ya kitu chenyewe kinachotenda: kuwezesha kumetupa wezeshi, kushirikisha kumetupa shirikishi, na kuendesha kukatupa endeshi. Msomaji anatambua papo hapo kwamba kuna kinachoendesha na kinachoendeshwa.

Linux ni mfano mzuri wa mfumo endeshi unaoweza kuchukua nafasi ya Windows 10. Linus Torvalds alianza kuandika kiini chake Helsinki mwaka 1991, na leo kinapatikana bure ndani ya mifumo kama Ubuntu na Linux Mint. Mint huridhika na RAM ya GB 2, ingawa 4 ni afadhali. Faili lake la usakinishaji huandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus, maana kulinakili tu hakutoshi. Kisha washa kompyuta huku ukibonyeza F12, F2 au Esc, kutegemea aina yake, na uchague flashi. Mfumo utaamka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kwa hiyo jaribu kwanza Wi-Fi, sauti na printa.

Ukiridhika, sakinisha. Utaulizwa kama unataka kufuta kila kitu au kuweka mifumo miwili pamoja, na hapa ndipo watu hupoteza picha za miaka mingi. Hamishia nyaraka zako kwenye diski ya nje kabla hujajibu.

Mint huja na LibreOffice, programu ya kazi za ofisi iliyotokana na OpenOffice, ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Kompyuta, basi, inaweza kuzungumza Kiswahili: walimu wa kompyuta, semeni "mfumo endeshi" mbele ya wanafunzi wenu.