Njia ya Darini katika Nyumba za Kale za Mji Mkongwe

Neno dari limebadilika maana, na wengi wetu hatukulisikia likibadilika. Siku hizi mtu akisema dari, wasikizi hufikiri mbao zilizopigiliwa chini ya bati ili kuficha kenchi na kupunguza joto. Yaani kitu cha kutazamwa kwa chini. Lakini katika nyumba za mawe za pwani dari ilikuwa sakafu ya juu, kitu cha kukanyagwa. Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi kitu cha kukanyagwa kilivyogeuka kuwa kitu cha kutazamwa, na kwa nini njia ya kupandia huko, iliyo jambo dogo machoni pa watu, ni jambo kubwa katika uhai wa nyumba.

Ujenzi wa mawe katika pwani yetu ni wa zamani sana. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948, yanaonyesha vyumba virefu na vyembamba, na wembamba huo una sababu yake. Paa lilichukuliwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Na kwa kuwa boriti haiwezi kubeba mzigo mkubwa ikipita mita tatu hivi, chumba nacho hakikuweza kuzidi upana huo. Juu ya boriti mafundi walipanga vipande vya matumbawe, wakamwaga kokoto na chokaa, kisha watu wakaitwanga kwa magongo, huku wakiimba, mpaka ikashikamana. Unguja nayo ilifuata desturi hiyo katika karne ya 19, mji ulipotajirika na nyumba zikaongezwa ghorofa juu ya ghorofa.

Paa la namna hiyo lilikuwa tambarare, na kwa kuwa lilikuwa tambarare lilikuwa pia mahali. Watu walipanda kwa ngazi ya nyumba, wakaanika nguo, wakapunga upepo wa jioni. Kupanda kwao kulikuwa na faida ambayo pengine wao wenyewe hawakuihesabu: kila aliyepanda alikuwa mkaguzi. Akikuta ufa katika chokaa, au mlizamu ulioziba kwa majani, habari ilimfikia mwenye nyumba siku ile ile, na fundi mwashi akaitwa kabla ya masika.

Hata hivyo tusiwasifu wazee wetu kupita kiasi. Unguja hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na paa tambarare katika nchi ya mvua nyingi ni kazi isiyokwisha. Chokaa hupasuka kwa jua na kunywa maji kwa mvua, na isipopakwa upya mara kwa mara huvuja. Kwa hiyo bati lilipokuja lilipokewa kwa furaha. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa London, alipata hataza ya bati lenye mikunjo mwaka 1829. Na mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata yake ya kukipaka chuma zinki kisishike kutu. Bidhaa hiyo, nyepesi na rahisi kubebwa melini, ilienea duniani. Katika Mji Mkongwe mapaa mengi ya zamani hayakubomolewa, bali yalifunikwa: kenchi za mbao zilisimamishwa juu ya chokaa, na bati likapigiliwa juu ya kenchi.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa chumba ambacho hakuna aliyekikusudia. Baina ya paa jipya na la kale palibaki nafasi ya giza, yenye joto, fupi kiasi kwamba mtu mzima husimama katikati tu, na pembeni hutambaa. Haikuwa sebule wala ghala. Palipokuwa pa kupunga upepo pakawa pa popo na panya. Mahali pasipo na kazi hapahitaji ngazi. Basi katika nyumba nyingi ngazi ya mwisho iliachwa ioze au ikazibwa, likabaki tundu la kupenya kwa tabu, na mwenye kutaka kupanda ilimpasa kwanza aazime ngazi kwa jirani.

Mambo ya siasa yaliongeza uzito. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitwaliwa na Serikali, na zikagawiwa familia kadhaa katika nyumba moja. Kila familia ilijua chumba chake. Bali dari ilikuwa ya nani? Anayekaa chini hakuona haja ya kupanda, na anayekaa juu hakuona haki ya kuwatoza wenzake gharama ya bati.

Msomaji aweza kuuliza: lipo dhara gani katika chumba kisichopandwa? Dhara liko katika tabia ya maji. Kuta za nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa udongo na chokaa. Msumari mmoja wa bati ukilegea, maji hutiririka juu ya chokaa ya kale, yakakusanyika penye vichwa vya boriti ndani ya ukuta. Hapo boriti huanza kuoza mahali pasipoonekana, udongo hulainika, mchwa hufuata unyevu. Aliye chini haoni kitu mpaka doa litokeze, na doa likitokeza ugonjwa ni wa miaka. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi twaweza kuongeza kwamba hawezi kuziba ufa asiyeweza kuufikia.

Basi njia ya darini itengenezweje bila kuijeruhi nyumba? Kwanza, fundi atafute ngazi ya kale kabla ya kutoboa tundu jipya, kwani aghalabu ipo nyuma ya mbao au plasta, nayo ilijengwa pamoja na kuta. Pili, ikiwa hapana budi kutoboa, tundu lirefuke kwa kufuata boriti, na ngazi ielekee upande huo huo, ili kichwa cha mpandaji kipate nafasi bila kukata boriti nyingi. Ile itakayokatwa itegemezwe kwanza kwa chini, kisha ncha zake zishikwe na mti uliokingama baina ya boriti mbili nzima za kando. Tundu liwe chini ya kilele cha paa, ambapo mtu aweza kusimama. Tatu, ngazi ifungwe isiondolewe, nayo iwe na mkono wa kushikia unaopita juu ya tundu. Na darini zilazwe mbao za kupitia, ili uzito wa mtu ugawanyike juu ya boriti kadhaa. Kidirisha kidogo cha mwanga na hewa kitamaliza kazi.

Kazi hiyo yote haifikii hata sehemu ndogo ya gharama ya ukuta mmoja. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wageni huja kutazama milango yake iliyochongwa. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati likikarabatiwa, na watu wawili wakafa. Jumba kubwa kama lile lina maradhi mengi, wala si haki kuyatia yote katika paa. Funzo lake kwa nyumba ndogo ni hili, kwamba jengo la kale halina subira isiyo na mwisho.

Twapenda kuandika historia ya nyumba kwa kutaja waliozijenga. Ingefaa pia tuandike historia ya waliozipanda: mtumishi aliyeanika nguo, mtoto aliyetumwa kuzibua mlizamu, fundi aliyepaka chokaa kabla ya masika. Hao ndio waliozifikisha nyumba hizi kwetu. Tukiwarudishia warithi wao ngazi, labda nazo zitawafikia watakaotufuata.